Kula Mtaani Mumbai kwa Saa Zake: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Arusha au Moshi

Watu wengi wa Arusha na Moshi wanaosafiri kwenda Mumbai hawaendi kwa ajili ya kula. Wapo wanaompeleka mgonjwa hospitalini, wapo wafanyabiashara wanaofuata vitambaa na vipuri, na wapo wazazi wanaokwenda kumwona mtoto aliye chuoni. Suala la chakula hukumbukwa baada ya kufika, na kwa kuwa halikuandaliwa, mgeni huangukia katika moja ya mambo mawili: ama hujifungia hotelini akila mkate na ndizi mpaka siku ya kurudi, ama hula kila anachokutana nacho barabarani siku ya kwanza na kuumwa tumbo siku ya pili. Yote mawili ni hasara, kwa sababu jiji hilo lina vyakula vya mtaani ambavyo Mtanzania anaweza kuvizoea upesi, vingi vikiwa ndugu wa vile tunavyovila hapa nyumbani.

Kanuni ninayoipendekeza ni moja, nayo ni kula kila chakula katika saa yake. Wenyeji wa Mumbai wana vyakula vya alfajiri, vya saa nne asubuhi, vya jioni na vya usiku, na mwuzaji hupanga mafuta yake, unga wake na wasaidizi wake kwa kufuata saa hizo. Kibanda chenye foleni katika saa yake kinauza kilichoepuliwa muda mfupi uliopita, ilhali kibanda hichohicho katika saa isiyo yake kinauza kilichopoa na kupashwa upya. Kumbuka tu kwamba saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, hivyo inapogonga saa saba mchana Moshi, Mumbai ni saa tisa na nusu alasiri na mabwalo mengi ya chakula cha mchana yamekwisha kuosha sufuria. Siku mbili za kwanza itakupasa kula kwa saa ya ukutani hata kama tumbo bado liko Kilimanjaro.

Asubuhi

Kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, chakula cha kwanza cha kutafuta ni kanda poha. Huu ni mchele uliopondwa ukawa bapa, nao unalowanishwa kidogo kisha kukaangwa na vitunguu, manjano, mbegu za haradali, majani ya kari na karanga, halafu ukanyunyiziwa giligilani na limau. Msomaji aliyewahi kula pepeta atautambua mchele huo mara moja. Hauna mafuta mengi, pilipili yake ni ya wastani, na kwa maoni yangu ndio mlango mwepesi kuliko yote wa kuingilia chakula cha Mumbai.

Chaguo la pili ni vyakula vya kusini mwa India, ambavyo havikuanzia Mumbai lakini vimeota mizizi huko, hasa katika eneo la Matunga lenye mabwalo ya Kiudupi, yaani ya mapishi ya mji wa Udupi wa kusini, yaliyodumu kwa miongo mingi. Idli ni vikate vyeupe vya mchele na dengu ndogo ziitwazo urad, vinavyochachushwa usiku kucha kisha kupikwa kwa mvuke. Dosa hutengenezwa kwa uji wa aina hiyohiyo, lakini humwagwa juu ya chuma cha moto na kutandazwa mpaka ukawa mwembamba na mkavu. Aliyezoea vitumbua ataelewa ladha ya uchachu ule, isipokuwa asitarajie sukari. Vyote huletwa na sambar, mchuzi mwembamba wa dengu na ukwaju, pamoja na chatini ya nazi. Chatini hiyo ya nazi huharibika haraka kwenye joto, kwa hiyo ni chakula cha asubuhi kwa maana kamili, na ikionekana imeachwa wazi tangu mapema ni bora kuikataa na kula idli kwa sambar peke yake.

Kwa watu wa Arusha ambao asubuhi bila supu na chapati haijaanza, ipo njia. Katika mitaa ya Waislamu inayoizunguka Mohammed Ali Road, vibanda na mikahawa midogo hupika usiku kucha paya, yaani supu ya makongoro, na nihari, ambayo ni nyama iliyochemshwa taratibu hadi ikaachana na mfupa. Nenda alfajiri, kabla ya saa mbili, maana sufuria huisha. Hapa pilipili ni kali kuliko ya supu zetu, na mafuta huelea juu, hivyo omba kipande cha limau na mkate wa kutosha.

Vada pav, saa yoyote yenye foleni

Kama utakula kitu kimoja tu cha mtaani Mumbai, kiwe vada pav. Sifa ya kukibuni hupewa mchuuzi Ashok Vaidya, aliyekuwa na kibanda nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966, wakati wafanyakazi wa viwanda vya nguo walipokuwa wakihitaji mlo wa bei ndogo unaoweza kuliwa kwa mkono mmoja huku mtu akiwahi treni. Kilichomo ndani hakitamshangaza mtu wa Moshi, kwa sababu ni kachori: viazi vilivyochemshwa na kupondwa, vikaungwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, manjano na haradali, vikafinyangwa duara, vikachovywa katika uji wa unga wa dengu na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Tofauti iko katika mambo mawili. La kwanza ni mkate, pav, ambao ni skonzi laini isiyo na sukari, nayo hupasuliwa katikati na kachori ikakandamizwa ndani. La pili ni chatini tatu: nyekundu kavu ya kitunguu saumu na pilipili, ya kijani ya giligilani, na tamu ya ukwaju. Pembeni huwekwa pilipili nzima iliyokaangwa na kunyunyiziwa chumvi, ambayo wenyeji huila kwa kuing'ata baada ya kila tonge.

Namna ya kuagiza ndiyo inayoamua kama utafurahi au utalia. Simama kwanza pembeni uone mwuzaji anatoa wapi kachori zake. Zikiwa zinatoka kwenye karai moja kwa moja, ingia kwenye foleni. Zikiwa zimelundikwa kwenye sinia, subiri awamu inayofuata, kwani kwenye kibanda chenye wateja haitachukua muda mrefu. Ukifika mbele, sema "kam teekha", maneno ya kuomba pilipili kidogo, na onyesha kwa kidole chatini unayoitaka. Ushauri wangu ni kuanza na nyekundu kavu na ya ukwaju, ukiiacha ya kijani kwa siku za kwanza, kwa sababu hiyo husagwa ikiwa mbichi na kuongezwa maji ambayo huwezi kujua yalikotoka. Ile nyekundu ni kavu, na ya ukwaju hupikwa. Tofauti hii kati ya kilichopita motoni na kisichopita ndiyo kinga ya kweli ya tumbo la mgeni, kuliko usafi wa sare ya mwuzaji au uzuri wa kibanda.

Kuhusu malipo, utaona kila kibanda, hata cha mwuza chai, kimebandika alama ya kulipia kwa simu. Mfumo huo umeunganishwa na akaunti za benki za India, na mgeni aliyekuja kwa muda mfupi asiutegemee kama anavyotegemea kutuma pesa kwa simu hapa kwetu. Tembea na noti ndogo za rupia 10, 20 na 50, na usimpe mwuza vada pav noti ya 500 asubuhi, kwa maana atakuangalia kama kondakta wa daladala anavyomwangalia abiria wa kituo kimoja aliyetoa noti ya elfu kumi.

Mchana

Mchana si wakati wa mtaani. Jua ni kali, vibanda vingi hupumzika, na mwenyeji mwenye akili hutafuta kivuli na sahani. Sahani hiyo ni thali, yaani sinia lenye vibakuli kadhaa vya mboga, dengu, mtindi, achari na kitu kitamu, pamoja na chapati na wali. Katika mabwalo ya Kigujarati, kama Shree Thaker Bhojanalay la Kalbadevi, unalipa mara moja na kuongezewa bila kikomo; wahudumu hupita na ndoo zao ndogo wakimwaga kabla hujaomba, na njia pekee ya kuwazuia ni kufunika kibakuli kwa kiganja. Wagujarati hutia sukari kidogo katika dengu na mboga, jambo ambalo Mchaga huliona geni mwanzoni, lakini hupoza sana kinywa kilichochoshwa na pilipili.

Dengu hizo zinatuhusu. Dal, yaani mchuzi huo wa kila siku katika thali, mara nyingi hupikwa kwa mbaazi zilizokobolewa, na India hununua mbaazi nyingi kutoka Afrika Mashariki, zikiwemo zinazolimwa Babati na sehemu nyingine za kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoingizwa nchini humo, wakulima wetu waliona bei ikiporomoka. Tofauti ni kwamba sisi tumezoea kuzila mbaazi zikiwa nzima na nazi, wao huzipasua na kuzipika mpaka zikawa uji wa njano.

Anayetamani ugali asihangaike kuutafuta kwenye menyu. Cha karibu zaidi ni bhakri, mkate bapa usio na chachu unaokandwa kwa mikono kwa unga wa mtama, wa uwele au wa ulezi, huo huo ulezi unaotiwa katika mbege. Uombe pamoja na zunka, ambayo ni unga wa dengu uliosongwa na vitunguu na viungo mpaka ukashikana, na utakuwa umekula chakula cha mkulima wa Maharashtra, jimbo lenye jiji la Mumbai. Ni mlo mzito unaokaa tumboni hadi jioni, na sijui kwa nini wageni huelekezwa kwake mara chache sana.

Ikiwa mko karibu na Ballard Estate mchana, Britannia & Co., mkahawa wa familia ya Kiirani uliofunguliwa mwaka 1923, hutoa pilau yenye zereshk, matunda madogo mekundu yenye uchachu. Sisi wapenda pilau tuna la kujifunza pale, hususan kwamba uchachu kidogo huufanya wali wenye nyama usichoshe. Mikahawa ya namna hii ilianzishwa na Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliohama kutoka Iran, nayo imepungua sana; mwingine ulio hai ni Kyani & Co. wa mwaka 1904, huko Marine Lines, ambao unafaa zaidi kwa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi, au kwa kima na pav.

Jioni

Kuanzia saa kumi na moja jioni jiji hutoka nje. Ufukwe wa Girgaum Chowpatty na ule wa Juhu hujaa familia, na chakula cha ufukweni ni bhel puri: bisi za mchele zinazochanganywa na viazi, vitunguu, nyanya, tambi nyembamba za unga wa dengu na chatini za ukwaju na giligilani. Huchanganywa mbele yako na kuliwa papo hapo, kwani ikikaa kidogo bisi hunywea. Mgeni wa siku za kwanza anaweza kuomba ya ukwaju peke yake, bila vitunguu na nyanya mbichi, na bado akaipata ladha. Utanusa pia chumvi nyeusi yenye harufu ya yai lililochemshwa. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Pani puri ni jambo jingine. Ni vikate vidogo vya duara vilivyokaangwa vikafura na kubaki na uwazi ndani; mwuzaji huvitoboa kwa kidole gumba, huvijaza viazi au dengu za moto, kisha huvizamisha pamoja na mkono wake katika maji ya mnanaa, ukwaju na pilipili, nawe unatakiwa kukiingiza kizima mdomoni kabla hakijavuja. Ni kitamu kwelikweli, na ndicho chakula cha mtaani chenye hatari kubwa kuliko vyote kwa mgeni, kwa sababu kiini chake ni maji. Usikile katika siku tatu za kwanza. Baada ya hapo kile katika duka linalotangaza kwamba linatumia maji ya chupa na ambalo mwuzaji wake amevaa glavu. Kawaida ya wachuuzi ni kukupa kimoja kikavu cha kumalizia bila malipo, na si utovu wa adabu kukidai.

Mwenye tumbo la wasiwasi ana mbadala mzuri, nao ni pav bhaji. Viazi, nyanya, njegere, koliflawa na pilipili hoho hupondwapondwa kwa muda mrefu juu ya chuma kipana chenye moto mkali, pamoja na siagi ambayo kiasi chake kitakushtua, kisha huliwa kwa pav iliyopashwa kwenye chuma kilekile. Kila kitu kimepita motoni isipokuwa vitunguu vibichi vya pembeni, ambavyo unaweza kuviacha. Sardar, huko Tardeo, na Cannon, mkabala na CSMT, stesheni kubwa ya treni, ni sehemu mbili zinazotajwa sana, ingawa vibanda vya kawaida vyenye foleni havitakuangusha.

Juu ya vinywaji nitasema machache. Chai ya mtaani, inayouzwa kwa glasi ndogo iitwayo "cutting", huchemshwa na maziwa, tangawizi au hiliki mpaka ikachemka sana, na ni salama. Juisi ya miwa ni nzuri, lakini ikatae ile iliyotiwa barafu. Maji ya chupa yanunue dukani na ukague kizibo kabla ya kulipa. Utaona wenyeji wakinywa chupa moja kwa zamu huku wakiyamimina maji kinywani kutoka juu bila kugusa mdomo wa chupa. Ukigawana nao fanya hivyo hivyo, na usimkaribishe mtu kwa kipande ulichokwisha kukiuma.

Nyama

Nyama choma ya ng'ombe, ambayo mtu wa Arusha huiona kama haki yake ya mwisho wa wiki, isahau kwa muda. Sheria ya jimbo la Maharashtra ya mwaka 2015 ilipanua katazo la kuchinja ng'ombe likawahusu hata madume na maksai, na nyama inayoruhusiwa ni ya nyati wa kufugwa. Kuulizia ng'ombe katika mkahawa wa Wahindu kutawaudhi wenyeji wako, na mabwalo yaliyoandikwa "pure veg" hayana hata yai. Kwenye vyakula vya pakiti, alama ya kijani huonyesha kwamba hamna nyama, samaki wala yai, na ya kahawia huonyesha kwamba vimo. Maziwa yanaruhusiwa katika vyote viwili. Menyu ikisema "mutton", mara nyingi sana ni mbuzi, kwa hiyo hujapoteza kila kitu.

Baada ya saa mbili usiku rudi Mohammed Ali Road, karibu na Minara Masjid, utafute seekh kebab za kima zilizochomwa kwenye mkaa, na baida roti, ambayo ni unga mwembamba uliofungiwa kima na mayai na kukaangwa, inayofanana sana na ile iuzwayo Forodhani kwa jina la piza. Katika mwezi wa Ramadhani mtaa huo huwa na msongamano tangu futari hadi daku, na vitamu kama malpua na phirni huuzwa kila baada ya hatua chache. Mpenda samaki atafute bombil iliyokaangwa na semolina, ikiambatana na sol kadhi, kinywaji cha rangi ya waridi cha tui la nazi na tunda la kokum. Uvuvi wa kibiashara katika pwani hiyo husimamishwa Juni na Julai, ambayo pia ni miezi ya masika yao, hivyo samaki wa wakati huo wengi huwa wa barafu, na chatini mbichi huwa na mashaka zaidi. Miezi bora ni Novemba hadi Februari, isipokuwa kama unafuata maembe ya Alphonso, ambayo hujaa sokoni Aprili na Mei.

Aliyeandamana na mgonjwa

Familia nyingi kutoka kwetu hukaa Mumbai wiki kadhaa karibu na hospitali, na kwao chakula cha mtaani si matembezi. Maagizo ya daktari hutangulia yote niliyoyasema hapo juu, na anayepata tiba inayopunguza kinga ya mwili asiletewe chochote cha kibandani. Kwa mgonjwa aliyeruhusiwa kula kawaida, mabwalo ya wala mboga hupika khichdi, yaani mchele na choroko zilizopasuliwa vikachemshwa pamoja hadi vikalainika, na ukiomba isitiwe pilipili wataelewa mara moja kwa sababu hata wao huwapikia hivyo wagonjwa wao. Idli isiyo na chatini na wali uliochanganywa na mtindi navyo vinafaa. Mkipanga chumba chenye jiko, ndizi mbichi hupatikana katika masoko ya mboga ya Dadar na Matunga, na kwa nyama ya mbuzi mtori unapikika vizuri kabisa. Unga wa mahindi pia upo madukani, ila mara nyingi ni wa njano na umesagwa kwa ajili ya mikate, kwa hiyo usonge kidogo kwanza uone unavyoshika kabla ya kununua mfuko mkubwa. Madafu huuzwa karibu kila kona. Mwambie mwuzaji alikate mbele yako, na mgonjwa anywe moja kwa moja kutoka katika dafu kwa mrija mpya, bila kumiminiwa kwenye glasi ya kibandani.